Kitanda Kimoja au Viwili

Ramani tumeitandaza juu ya makombo ya mkate.
Nives ameikandamiza kwa kikombe upande wa Torino,
mimi kwa kiwiko upande wa bahari.
Siku mbili tu, tumekubaliana, Jumamosi na Jumapili,
kabla majaruba ya Novara hayajajazwa maji
na mbu hawajaanza kutudai kodi.

Mji wenyewe ni Torrevasca.
Hauna hata nukta. Jina lake limelazwa majini,
kana kwamba nchi kavu ilikwisha kujaa
wakati mchora ramani alipofika kwake.

Treni ni saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Genova tunashuka, tunangoja nyingine dakika hamsini.
"Za kahawa," nasema.
"Za choo," anasema Nives. "Nakijua kibofu chako."

Anaandika nyuma ya bili ya gesi:
koti la mvua (ukilibeba, hainyeshi),
vidonge vyako vya presha,
viatu vya ngazi.
Maana binamu yake Ilario alikwenda mwaka juzi,
akasema toka stesheni hadi kanisani
kuna ngazi mia mbili na kumi na nne.
Yeye aliishia ya sitini, palipo na baa.
Hizo nyingine alihesabiwa na mhudumu.

Kopo la biskuti tumelimimina mezani:
yuro mia mbili na sabini, na kifungo cha koti.
Natoa nauli. Natoa chumba.
Natoa sahani ya dagaa wa chumvi na ndimu,
sahani moja, tule wawili,
na mkate bapa unaochuruza zeituni hadi kwenye kifundo cha mkono.
Kinachobaki nakihesabu mara mbili,
nacho mara zote mbili ni kilekile kidogo.

Kisha nikapiga simu.
Akapokea Bi Armida, sauti yake kama kiti kinachoburutwa,
nyuma yake mtu akigonga nyundo bila haraka.
Chumba kipo, alisema, juu ya tanuri la mwokaji:
usiku sakafu ina joto, alfajiri utaamshwa na harufu.
Bahari inaonekana dirishani
ukisimama juu ya stuli.
Na stuli ipo, akaongeza, haitozwi.

"Kitanda kimoja au viwili?"

Nyundo kule ikanyamaza, au nilidhani imenyamaza.
Huu ni mwaka wa tatu Nives analala chumba cha cherehani.
Kukoroma, tulimwambia binti yetu.
Na ni kweli, nakoroma.
Lakini ukweli una vyumba vingi kuliko nyumba yetu,
na vingine hatujaviwashia taa
tangu Oktoba ile.

Nikaziba simu kwa kiganja.
Sikumuuliza. Swali alikwisha kulisikia;
Bi Armida husema na simu kama anayeita ng'ambo ya bonde.
Nives alikuwa akiifuata reli kwa kidole:
handaki, bahari kidogo, handaki,
bahari kidogo tena, kama mtu anayefumbua jicho
akaona bado ni mapema, akalifumba.
Kucha yake ilifika pwani ikasimama.

Nilianza kupanga jibu la mtu mzima,
kwamba viwili ni sawa, kwamba mgongo wangu,
kwamba godoro za pwani hunywa unyevu.
Akanipokonya simu.

"Kimoja," alisema,
kwa sauti ile ile anayonunulia vitunguu.
"Mito mitatu. Na huyo mwokaji, Jumapili anafungua?"

Sijui Bi Armida alijibu nini.
Nilikuwa nakusanya sarafu, moja moja,
nikizirudisha kopo lake, na kile kifungo,
ambacho sasa nilikijua ni cha koti langu la zamani.

Akakata simu. Akavuta bili ya gesi,
akalamba ncha ya penseli,
na chini ya vidonge vyangu vya presha
akaandika kwa herufi kubwa:
PAMBA ZA MASIKIO.